Trauma Imekulemea? Hii Hapa Milango Mitatu ya Msaada Karibu na Kenyatta Market

Kenyatta Market inajulikana kwa vitu mbili: nyama choma na nywele. Ukikalia kiti ya saluni hapo ndani, wasusi wawili watatu wanashika kichwa yako pamoja, na masaa manne yakiisha stori zote za mtaa zimepita. Wengi huambia msusi vitu hawajai ambia hata mathe wao. Dem anasema venye chali alimchapa. Mwingine anasema tangu wezi wampige ngeta akitoka job, akiskia viatu nyuma yake moyo inaanza kukimbia.

Msusi atakuskiza, atakuambia pole, na hiyo tu ni dawa kiasi. Shida ni, nywele ikiisha unalipa, unarudi keja, na ile kitu inakungoja kwa kitanda.

Sasa skiza. Hapo market umezungukwa na msaada wa ukweli. Hospitali ya Kenyatta ni mwendo wa miguu. Hospitali ya Mbagathi iko karibu pia. Kituo cha ushauri nasaha cha Amani kiko hapo Mbagathi Way. Kenye hukosekana ni mtu wa kukuambia ugonge mlango gani na useme nini ukifika. Hiyo ndio kazi ya hii stori.

Kwanza, trauma ni nini?

Kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa kiwewe. Ni ile alama kitu mbaya inaacha kwa akili na mwili baada ya kupita: ajali ya mathree au nduthi, kubakwa, kuchapwa nyumbani, kuona mtu akiuawa, keja kuchomeka. Nairobi tuko na list ndefu. Bomu ya ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Fujo za baada ya uchaguzi wa 2007. Westgate 2013. DusitD2 2019. Maandamano ya 25 Juni 2024, penye vijana walienda na simu na bendera, wengine wakarudi wakiwa wamebeba mabeshte waliopigwa risasi.

Baada ya kitu kama hiyo, mwili huwa kama gari yenye alarm imekwama. Hulali. Ukilala unaota ile siku. Mlango ukigongwa unaruka. Unaanza kuhepa barabara fulani, sauti fulani, hata harufu fulani. Kwa machali mara nyingi hutoka kama hasira na pombe nyingi, na watu wanasema tu "huyo jamaa amekuwa mkali siku hizi".

Siku na wiki za kwanza, hizi vitu ni kawaida. Mwili bado unajaribu kuelewa kenye kimefanyika, na kwa watu wengi inatulia polepole. Lakini ikipita mwezi na bado inakuharibia kazi, masomo, usingizi ama mahusiano, hapo unahitaji mtu aliyesomea hiyo kazi. Na kama umeanza kufikiria kufa, usingoje mwezi. Usingoje hata kesho.

Mlango wa kwanza: moto unawaka leo

Huu ni wa msee ako na mawazo ya kujiua, ama anahisi akibaki pekee yake usiku wa leo atajidhuru.

Piga simu. Namba 1199 ni ya Kenya Red Cross na ni ya bure. Emergency Medicine Kenya Foundation wako na laini ya kuzuia kujiua, 0800 723 253, pia bure. Befrienders Kenya wako 0722 178 177. Hauhitaji kupanga maneno matamu. Sema tu: "Sijiskii salama na mimi mwenyewe." Wataelewa.

Ama enda moja kwa moja kwa emajensi ya Hospitali ya Kenyatta. Huwa wazi usiku na mchana. Enda na mtu ukiweza, ju foleni inaeza kuwa ndefu na ukiwa na mtu hautaamka uende. Ukifika kwa dirisha usiseme "sijiskii poa", ju hiyo kila mtu anasema. Sema: "Nina mawazo ya kujiua." Hiyo sentensi inabadilisha venye wanakushughulikia.

Kama ni beshte yako, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Watu huogopa kuuliza wakidhani watampa hiyo idea. Hapana. Kuuliza hakupandi hayo mawazo kwa mtu, mara mingi kunampa nafasi ya kupumua. Kaa na yeye. Toa dawa na vitu hatari kwa hiyo nyumba. Usimwambie akaze kama mwanaume, usimwambie kuna watu wana shida kubwa kuliko zake. Kama tayari amemeza kitu, usimlazimishe kutapika. Beba chupa ama pakiti yake, mkimbize hospitali.

Na ile uoga ya karao? Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema kujaribu kujiua ni makosa, na unaeza fungwa hadi miaka miwili. Watu walificha wagonjwa kwa nyumba ju ya hiyo. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hicho kifungu kinaenda kinyume na Katiba. Chama cha madaktari wa akili na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ndio walikuwa kati ya wale walipeleka hiyo kesi. Kwa hivyo usiache mtu afe kwa nyumba ju unaogopa kuulizwa maswali hospitali.

Mlango wa pili: masaa 72

Huu ni wa mtu amebakwa ama amedhulumiwa kimapenzi. Dem, chali, mtoto, haijalishi. Hapa saa ndio kila kitu.

Dawa ya kuzuia virusi vya HIV inafanya kazi ukianza ndani ya masaa 72, na kadri unaanza mapema ndio inasaidia zaidi. Ya kuzuia mimba inaeza tumika hadi masaa 120, lakini pia hiyo usingoje. Ukiweza, usioge kwanza na usifue zile nguo. Zibebe kwa bahasha ya karatasi ama gazeti, juala la plastiki linaharibu ushahidi. Kama umeshaoga, usijilaumu. Enda tu.

Enda wapi? Hospitali ya Kenyatta wako na kituo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Pale Hurlingham, Hospitali ya Nairobi Women's iko na kituo chake cha kazi hiyo tangu 2001, na hapo matibabu na ushauri nasaha kwa waathiriwa ni bure. Kutoka Kenyatta Market nduthi haichukui muda.

Kitu wengi hawajui: unaeza anza hospitali kabla ya polisi. Daktari atakuchunguza na kujaza fomu ya matibabu baada ya ubakaji, inayoitwa PRC. Ile P3 inatoka polisi na inajazwa na daktari pia. Usikubali mtu akurudishe nyumbani ati "leta OB kwanza" na masaa yanakimbia. Matibabu kwanza.

Ukitaka mtu wa kukuelekeza kwa simu, 1195 ni laini ya bure ya dhuluma za kijinsia. Kama ni mtoto, piga 116 ya Childline Kenya, pia bure.

Na ukishapewa dawa, usihepe bila kuona kaunsela. Kidonda cha mwili kinapona mapema. Ile nyingine ndio itakusumbua miezi ikipita, na ni rahisi kuanza nayo ukiwa bado uko kwa mfumo wa hospitali.

Mlango wa tatu: safari ndefu

Huu ni wa msee hana emajensi lakini amechoka kubeba. Hapa ndio watu hupotea, ju majina ni mengi. Wacha tutenganishe.

Kaunsela na mwanasaikolojia wanatibu kwa mazungumzo. Daktari wa akili amesomea udaktari, na ndiye wa kukuandikia dawa ukihitaji. Kwa trauma, wengi huanza na mazungumzo, na dawa zinaingia kama usingizi ama huzuni imekataa kabisa kutulia.

Ukiwa na doo kidogo, anza hospitali ya umma. Hospitali ya Kenyatta iko na idara ya afya ya akili, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunzia madaktari wake wa akili hapo hapo. Mathari, kule Thika Road, imekuwa ikifanya hii kazi tangu 1910. Wacha zile jokes za "nitakupeleka Mathari". Watu wengi huenda kliniki huko asubuhi na mchana wako kazini. Ukipendelea mahali pasipo na harufu ya hospitali, pita Amani pale Mbagathi Way uulize bei na nafasi. Na kama uko chuo, ofisi ya ushauri ya wanafunzi kawaida ni bure, imelipwa kwa fee yako. Itumie.

Usitoe pesa kabla haujauliza haya:

1. Umesomea wapi na umesajiliwa wapi? Kenya ina Sheria ya Makaunsela na Wanasaikolojia tangu 2014, na kuna chama chao, KCPA. Mtu wa ukweli hatakasirika ukiuliza.
2. Umewahi shughulika na watu wa trauma? Unatumia njia gani?
3. Sesheni moja ni ngapi, na kuna bei ya mtu hana job?
4. Siri yangu itakaa wapi? Jibu zuri: inabaki hapa, isipokuwa maisha yako ama ya mtu mwingine yakiwa hatarini.

Hepa yule anakuambia atakutibu kwa siku moja, anayekulazimisha usamehe aliyekudhulumu, anayekushikashika, anayekuuzia dawa za ajabu, ama anayetaka uanike stori yako mbele ya umati.

Ndani ya chumba kunafanyika nini?

Hii ndio inatisha watu sana. Wanafikiria wataingia, walazimishwe kusema kila kitu, walie, watoke wameharibika zaidi.

Haiendi hivyo. Siku ya kwanza mara mingi ni kujuana: unalala aje, unakula aje, nani yuko karibu na wewe, unataka nini kibadilike. Unaruhusiwa kusema "hiyo sitaki kuongelea leo." Halafu unafunzwa kutuliza mwili, kupumua, kurudisha akili mahali uko ikianza kukimbia. Ile stori yenyewe inaguswa baadaye, kidogo kidogo, ukiwa tayari una hizo silaha. Mwisho inabaki kitu kilifanyika zamani. Inaacha kufanyika tena kila usiku. Kwa watu wengi ni sesheni kama 8 hadi 12, wengine zaidi.

Na usidhani hii ni mambo ya mabeberu na watu wa Karen. Mwaka wa 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa Nairobi na wanawake 421 ambao wengi wao walikuwa wamepitia dhuluma. Kundi moja lilipewa sesheni 5 tu, na waliokuwa wanaziongoza ni wahudumu wa afya wa mtaani waliofunzwa, hawakuwa madaktari. Baada ya miezi mitatu, mzigo wao wa akili ulikuwa umepungua kuliko wa wale walipewa huduma ya kawaida. Wanawake wa mtaa, wakisaidiwa na watu wa mtaa.

Ukingoja siku yako

Foleni ya kliniki ya umma inaeza chukua wiki. Hapo katikati punguza pombe, ju inakupa usingizi wa saa mbili na inakuamsha saa tisa usiku na uoga mara mbili. Chagua mtu mmoja wa kuambia ukweli. Mmoja anatosha.

Akili ikianza kukurudisha ile siku, simama hapo ulipo na uhesabu: vitu 5 unaona, 4 unagusa, 3 unaskia, 2 unanusa, 1 unaonja. Ukiwa Kenyatta Market hautakosa cha kunusa. Inaonekana kama mchezo, lakini inaambia mwili kwamba ile siku iliisha na uko hapa.

Na kama maneno yamekataa kutoka, tuma hii kwa mtu unamwamini: "Kuna kitu kilinipata na bado kinanisumbua. Sitaki ushauri saa hii. Nataka unisindikize hospitali." Anakili ubandike. Usihariri sana.

Sevu hizi saa hii, hata kama uko fiti: 1199 Red Cross, 0800 723 253 ya kuzuia kujiua, 0722 178 177 Befrienders, 1195 dhuluma za kijinsia, 116 ya watoto. Halafu rusha kwa grupu ya mbogi yako. Kuna mmoja hapo ndani hasemi kitu, na ataisoma.