Rupia ya bibi usiisugue!

Kijana mwenzangu, kuna mambo mawili ambayo mtoto wa mjini huyafanya haraka akiokota sarafu ya zamani nyumbani kwao. La kwanza, anaipeleka bombani anaisugua kwa majivu na ndimu mpaka inang'aa kama kioo. La pili, anaikimbiza kwa yule jamaa anayesemekana "ananunua vitu vya Mjerumani". Ukiyafanya yote mawili kwa mpangilio huo, ujue umeliwa mara mbili: kwanza na ndimu, halafu na jamaa.

Naongelea rupia bwana, ile ya fedha, yenye sura ya mzee wa masharubu aliyevaa kofia yenye tai juu yake. Huyo ni Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuitoa mwaka 1890, na upande wa pili ikaweka simba na mti wa mtende. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi hiyo, ikaigawa rupia moja katika heller 100. Heller hiyo ndiyo iliyotuzalia neno "hela". Kwa hiyo ukimwambia mwenye nyumba huna hela, unaongea Kijerumani bila viza!

Sasa, rupia iliyokaa sandukuni miaka mia na ushei haitoki nyeupe. Inatoka na rangi. Nyingine ni nyeusi tii, nyingine ya kahawia, na chache zenye bahati zinatoka na dhahabu pembeni, zambarau katikati na bluu kama shingo ya tausi. Wengi wetu tunaona uchafu. Wakusanyaji wa sarafu wanaona mshiko.

Hivi rangi hiyo inatoka wapi? Fedha haipatani na salfa. Moshi, mayai, karatasi na hata vitambaa vingine hutoa salfa kidogo kidogo, nayo ikikutana na fedha inatengeneza utando mwembamba ajabu. Mwanga ukigonga juu ya utando na chini yake, macho yanaona rangi. Ni mambo yale yale ya petroli iliyomwagika kwenye dimbwi la maji pale gereji. Utando ukiwa mwembamba unaona njano ya dhahabu. Ukiongezeka inakuja nyekundu ya zambarau, halafu bluu. Ukizidi kunenepa, rangi zinarudia mzunguko, na mwisho kabisa ni weusi. Ukariri mpangilio huo, utakuokoa.

Walioufanya mchezo huu uwe biashara kubwa ni Wamarekani. Wana dola yao ya fedha iitwayo Morgan, iliyopigwa kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Mamilioni yake yalilala kwenye hazina ya serikali ndani ya mifuko ya turubai, kila mfuko dola 1,000. Dola iliyogusa kitambaa ikapata rangi upande ule uliogusa. Mifuko ilipofunguliwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wakakuta upinde wa mvua. Baadaye zikaanzishwa kampuni za kukagua sarafu, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987. Wao wanaipa sarafu alama kuanzia 1 hadi 70, wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki, na ile yenye rangi ya kutia shaka hawaipi alama hizo safi. Dola ya rangi nzuri inaweza kuuzwa mara nyingi zaidi ya mwenzake mweupe wa mwaka ule ule.

Penye pesa, wajanja hawako mbali. Kuna wanaopika sarafu. Wanaitia kwenye oveni, wanaifungia na kiini cha yai, wanaipaka dawa za salfa. Kilichochukua miaka hamsini kinapatikana jioni moja.

Mwezi uliopita nilimsindikiza rafiki yangu mmoja wa Magomeni. Bibi yake wa Bagamoyo amemwachia rupia tatu, na binti anatafuta ada ya chuo cha ushonaji. Tukaingia duka moja la vinyago na vitu vya kale. Mzee mwenye duka akazigeuza mara moja tu.

"Hizi chafu binti, nitakupa bei ya chakavu."

"Na ile je, mzee?" nikamwonyesha rupia ya bluu kali iliyokaa ndani ya kabati lake la kioo.

"Ah, ile mwanangu! Ile ni rangi ya asili, watalii wanaigombania."

Nikaiomba, nikaiinamisha kwenye taa. Bluu pande zote mbili, sawasawa, kama ukuta uliopakwa rangi. Hakuna njano, hakuna zambarau. Mikwaruzo yake nayo imejaa bluu. Nikamuuliza kwa adabu, "Shikamoo tena mzee, hii ililala ubavu gani mpaka ikaiva kote kote?" Mzee akacheka hasa. "Vijana wa siku hizi mnasoma sana," akasema, akairudisha kabatini. Tukaaga.

Haya, nawe ujifunze kuangalia. Kwanza, mpangilio wa rangi. Ya kweli hutembea: dhahabu inaingia kwenye zambarau, zambarau kwenye bluu. Ikiruka ghafla kutoka nyeupe kwenda bluu nzito, shtuka. Pili, angalia herufi na kingo. Mara nyingi rangi ya asili hupungua au hubadilika inapozikaribia, maana pale hewa na kitambaa havifiki sawasawa. Tatu, iinamishe kwenye taa. Sarafu ambayo haijatumika sana ina mng'aro unaozunguka kama spoku za baiskeli, na unatakiwa uonekane hata chini ya rangi. Nne, chukua lenzi utafute mistari myembamba. Ukiiona, sarafu iliwahi kusuguliwa, na rangi imekuja baadaye. Iwe imeletwa na miaka au na mpishi, bei inashuka.

Tano, usisahau kuuliza kama sarafu yenyewe ni halali. Rupia ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi. Mpelekee sonara mwenye mizani nzuri. Iliyolika itapungua kidogo, lakini ikipungua gramu mbili, hiyo imezaliwa juzi. Sumaku isiishike. Ukingo usiwe na mshono, na uso usiwe na vipele vya kumiminwa kwenye kalibu. Na ukiuziwa ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo kwa bei ya simu, kimbia. Zile zilipigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, na hazikufika hata 17,000.

Tuje kwenye bei, maana najua ndipo ulipokuwa unasubiri. Anza chini. Katika kila sehemu 1,000 za rupia, 917 ni fedha safi, yaani karibu gramu 10.7. Uliza bei ya gramu ya fedha siku hiyo, zidisha. Chini ya hapo usiuze, hata ukiambiwa chafu. Juu ya hapo kuna mwaka wake, maana ipo miaka ambayo zilitoka chache. Kisha kulika kwake: je, masharubu ya Kaiser bado yanahesabika? Rangi inakuja mwisho kabisa. Kwenye sarafu iliyolika haisaidii sana, na weusi mtupu hauongezi kitu. Tena rangi haina bei ya kitabuni. Ni mapatano ya watu wawili, kwa hiyo usikope pesa ukanunue rangi.

Kama unayo tayari, ishike kwa ukingo, usiiguse usoni. Iweke pakavu. Usiifungie kwenye vile vifuko laini vya plastiki, maana vingine hutoa ute wa kijani unaokula sarafu.

Rafiki yangu wa Magomeni alipima zote tatu kwa sonara. Moja ilikuwa imelika sana, akamuuzia mkusanyaji kwa zaidi ya mara mbili ya ile "bei ya chakavu". Imetosha muhula wa kwanza. Mbili zilizobaki zina dhahabu na zambarau ukingoni, na Kaiser bado ana masharubu yake yote. Hizo amezificha, hata mimi sijui wapi.

Basi kijana, nenda kafungue sanduku la bibi. Ila umuombe ruhusa kwanza, na ndimu uiache jikoni.