Skuta ya umeme imegoma? Pima hivi kabla hujanunua mota

Wadau wenzangu wa kuuza mtandaoni, leo tuongelee skuta za umeme tunazopelekea mizigo. Mteja ameshalipa, anasubiri, na skuta haiendi. Fundi mmoja alishaniambia mota yangu imekufa, ninunue nyingine. Kumbe ni swichi ya breki tu! Ningelipa, mtaji wa mwezi ungekwenda na shida ingebaki palepale. Siku hizi napima mwenyewe, kwa mpangilio huu.

1. Haiwaki kabisa.
Achana na mota. Angalia fyuzi, soketi za betri, halafu pima volti. Betri ya lithiamu ya volti 48 yenye seli 13 ikijaa inasoma 54.6. Ikishuka hadi 40 hivi, kontrola inakata moto.

2. Inawaka, ila tairi halizunguki.
Inua tairi, chomoa waya wa swichi ya breki. Likizunguka, umeshampata mchawi: swichi imeganda, kontrola inadhani umeshika breki muda wote. Badilisha swichi. Lisipozunguka, pima waya wa mkono wa kuongezea mwendo. Ukizungusha, volti zipande kutoka 1 hivi mpaka karibu 4. Zisipopanda, mkono ndio mbovu.

3. Inatetemeka, mpaka uisukume ndiyo iende.
Hapo shaka iko kwenye sensa za mota, zile waya tano nyembamba. Mara nyingi soketi imeingia maji, au waya umechubuka pale unapoingia kwenye ekseli. Angalia na waya tatu nene, mmoja ukiachia dalili ni hizihizi.

4. Tairi zito hata ukizima.
Toa betri kwanza. Chomoa zile waya tatu nene kwenye kontrola, zungusha tairi kwa mkono. Likiwa jepesi, kontrola imeungua. Likibaki zito na breki haijabana, kuna shoti ndani ya mota au beringi imekufa. Sasa gusanisha waya nene mbilimbili, ukizungusha kila mara. Jozi zote tatu ziwe nzito sawa. Jozi iliyo nyepesi ina waya uliokatika.

Huku kwetu Ngaka ni vumbi la makaa kiangazi, tope masika, na milima ya Umatengo mwaka mzima. Kupanda mlima taratibu na mzigo mzito ndiko kunakopika mota: umeme unaingia mwingi, mzunguko ni mdogo, kinachobaki ni joto. Ukifika juu gusa mota. Kama huwezi kuishika, ipumzishe. Mzigo mkubwa ugawe safari mbili, bado ni nafuu kuliko mota mpya.

Mwisho, piga picha waya kabla ya kuchomoa. Ukiagiza kontrola, volti na ampia zifanane na ya zamani.

Yako inasumbuaje, boss? Andika dalili hapo chini tusaidiane.