Kufungwa Plasta kwa Mtu Aliyeumia Bega

Kila unapowadia msimu wa uchumaji wa karafuu, hospitali za Unguja na Pemba hupokea watu walioanguka mikarafuuni. Mwenye kuanguka aghalabu hutanguliza mkono, na uzito wote wa mwili ukapokewa na bega. Wapo vile vile wanaoanguka minazini, na wanaopinduka na vespa na baskeli. Inafaa basi wananchi na watumishi wa Serikali wafahamu plasta, ambayo wengi huiita hogo, hufungwaje, na ni mambo gani ya kuangaliwa baada ya kufungwa.

Kwanza ieleweke kuwa si kila bega lililoumia hufungwa plasta. Mtulinga ukivunjika, mara nyingi hutosha mkono kutundikwa shingoni kwa kitambaa cha pembe tatu. Bega lililoteguka hurejeshwa mahali pake na daktari, kisha likapumzishwa kwa kitambaa hicho hicho. Kwa hivyo mgonjwa anayetoka hospitali bila ya plasta asidhani kuwa amepuuzwa. Plasta huhitajika zaidi pale unapovunjika mfupa wa mkono ulio baina ya bega na kisugudi.

Plasta yenyewe ni unga wa jiwe la jasi lililochomwa, uliopakwa juu ya bendeji. Aliyeitengeneza bendeji ya namna hii ni Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, katika mwaka 1851. Unga huo ukikutana na maji hurudi kuwa jiwe, na wakati wa kugeuka hutoa joto. Ndiyo maana mgonjwa huhisi mkono unapata moto kwa dakika chache, na hilo si jambo la kutisha. Maji ya moto hayatumiki, kwani huharakisha plasta kuganda na huweza kuunguza ngozi.

Kabla ya kazi kuanza, pete na bangili zote huvuliwa, kwa sababu vidole huvimba na pete isiyotoka huwa kitanzi. Daktari humtaka mgonjwa akiinue kiganja chake. Upo mshipa wa fahamu unaouzunguka mfupa huo kwa nyuma. Ukidhurika, kiganja hulegea na kuning'inia. Jambo hili hupimwa kabla ya plasta na kupimwa tena baada yake.

Mkono huvishwa soksi nyembamba ya pamba, kisha huzungushiwa pamba, ikazidishwa kwapani, kwenye ncha ya bega na kwenye kisugudi, ambako mfupa uko karibu na ngozi. Hapo hutayarishwa ukanda wa plasta wa tabaka 8 hadi 10 na kuchovywa majini mpaka mapovu yaishe, ukakamuliwa polepole. Ukanda huanzia kwapani, ukashuka upande wa ndani wa mkono, ukapita chini ya kisugudi, ukapanda upande wa nje hadi juu ya bega. Juu yake hufungwa bendeji ya kawaida isiyobana. Fundi mzuri hulainisha plasta kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Shimo la kidole likigandia ndani huwa kidonda baadaye. Mwisho, soksi hukunjwa juu ya kingo ili zisikwaruze, vidole huachwa wazi, tarehe huandikwa juu ya plasta, na mkono hutundikwa shingoni.

Plasta huganda kwa dakika chache, lakini haikauki sawasawa mpaka siku 2 au 3. Katika muda huo isifunikwe, isilaliwe, wala isianikwe juu ya moto. Mgonjwa alale ameegemea mito, nusu kukaa, ili uzito wa mkono uendelee kuuvuta mfupa unyooke.

Hatari kubwa ni kubanwa. Uvimbe huongezeka katika siku ya kwanza na ya pili, na plasta haitanuki. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi na kuwa makali kila vidole vinaponyooshwa, mgonjwa arejeshwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Nyama isiyopata damu kwa kiasi cha muda wa saa 6 huanza kufa, na mkono ukaweza kukatwa. Mwenye hina kwenye kucha rangi yake haionekani, basi aangaliwe kwa joto na hisia. Hatari hii ni moja kwa plasta ya hospitali na kwa vijiti vya waganga wa kuunga mifupa, ambavyo mara nyingine hukazwa mno kwa kudhaniwa kuwa kukaza ndiko kuponya.

Uvimbe ukipungua plasta hulegea, hivyo hubadilishwa baada ya wiki 1 au 2. Mfupa wa mtu mzima huchukua kiasi cha wiki 8 hadi 12 kuunga. Msumeno wa kukatia plasta hutikisika tu, hauzunguki, wala watoto wasitishwe nao. Tangu mwanzo vidole vichezeshwe kila siku. Na daktari akisharuhusu, mgonjwa huinama na kuuacha mkono ubembee taratibu kama mzani, kwani bega lililokaa kimya muda mrefu hukakamaa, khususan kwa watu wa makamo.