Kompyuta ya mwalimu haijafa



Jioni moja jirani yangu, mwalimu mstaafu, alibisha hodi kwangu akiwa ameikumbatia kompyuta yake ndani ya kanga, kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. Kompyuta yenyewe ilikuwa inawaka na kuandika barua bila taabu. Ila ilikuwa imemwonyesha tangazo kwamba haitapata tena marekebisho ya usalama, na fundi wa mtaani akamwambia aiuze chakavu anunue nyingine. "Mwanangu," akaniuliza, "kitu kizima kinatupwaje?"

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya juma hili.

Kwanza tuelewe kilichotokea. Kila kompyuta ina programu kuu inayoiamsha na kuongoza programu nyingine zote. Wataalamu huiita mfumo endeshi. Kompyuta ya mwalimu inatumia Windows 10, iliyotolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo, ikaacha nafasi ya kuongeza ulinzi kwa muda mfupi tu. Mrithi wake, Windows 11, anadai vifaa fulani ndani ya mashine, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine haifi siku hiyo. Lakini tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Nyumba yenye mlango mbovu hukaa salama mpaka siku mwizi atakapopita.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, nayo ni programu huria.

Ukinunua gauni dukani, unapata gauni tu. Likikubana, ni shauri yako. Sasa fikiria fundi cherehani anayekupa gauni pamoja na kiolezo alichokatia, akakuambia: shona jingine, panua kiuno, na jirani akitaka mpe naye. Programu huria ndivyo ilivyo. Maagizo yaliyoandikwa na wataalamu kuiunda yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kuunda mfumo huria alioupa jina la GNU. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Linus Torvalds, akatangaza kiini cha mfumo endeshi alichokuwa akikiandika kama burudani yake. Kiini hicho ndicho Linux. Leo kimo ndani ya kila simu ya Android, kwa hiyo wengi wenu mnakitumia bila kujua.

Hata hapa kwetu wazo hili lilizaa matunda. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyokuwa inazungumza Kiswahili. Hawakulazimika kumpigia mtu magoti ili waifasiri. Kiolezo kilikuwa mezani.

Mimi thamani ya uwazi huo niliijua kwa uchungu. Kwa miaka kadhaa nilihifadhi mahojiano yangu katika programu ya kulipia, iliyokuwa na namna yake pekee ya kutunza sauti. Siku kibali kilipokwisha muda, programu ikakataa kufunguka. Ndani yake zilikuwemo sauti za wazee wavuvi niliowahoji, na mmoja wao alikuwa ameshafariki. Kazi yangu mwenyewe, ufunguo wa mwingine! Kilichoniokoa ni kompyuta kuukuu ya mwenzangu kazini iliyokuwa bado na programu ile. Tulizicheza sauti hizo moja baada ya nyingine na kuzirekodi upya. Tangu hapo nahariri kwa Audacity, ambayo ni huria, na natunza sauti kwa umbo la WAV, ambalo karibu kila programu ya sauti hulisoma.

Hata hivyo, wapenzi wasikilizaji, programu huria si hirizi. Mwaka 2021 Audacity ilichukuliwa na kampuni ya Muse Group, kukawa na mpango wa kukusanya taarifa za matumizi. Watumiaji walipiga kelele na mpango ule ukaachwa. Machi 2024 likatokea kubwa zaidi. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia katika kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakupuuza. Alifuatilia akagundua kwamba ndani ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, kulikuwa kumefichwa mlango wa nyuma. Aliyeufanya alikuwa amejenga imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili.

Uwazi ulimsaidia Freund kumkamata mwizi, lakini uwazi peke yake haukamati mtu. Lazima awepo anayetazama. Ndiyo maana nasema kufuatilia habari za teknolojia si anasa ya vijana. Tenga dakika kumi kila juma. Jua mfumo wako utahudumiwa hadi lini. Ukisikia kuna tundu, weka marekebisho siku hiyo hiyo, tena kutoka kwa watengenezaji wenyewe, si kwa ujumbe uliorushwa na usiyemjua.

Na mwalimu je? Kwanza tulinakili picha na barua zake zote kwenye diski ya nje. Kisha tukaweka Linux Mint kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Intaneti ilikubali, LibreOffice ikafungua barua zake. Printa ilitusumbua jioni mbili. Programu ya hesabu aliyokuwa akiitumia mwanawe ilikataa kabisa, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya Windows tu. Mwana akahamishia hesabu zake kwenye kompyuta ya kazini. Kwa hiyo jaribu kwanza, usifute kitu kwa pupa.

Juzi mwalimu kanipigia simu. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka kunijulisha kwamba asubuhi ile ameona tangazo la marekebisho mapya, amelisoma mpaka mwisho, na ameyaweka mwenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.