Vinyago vya Changamwe na gharama ya msitu

KANDO ya Barabara ya Port Reitz, katika eneo la Changamwe jijini Mombasa, sauti ya tezo imekuwa ikisikika tangu mwaka 1963, ulipoanzishwa ushirika wa wachongaji wa Kiakamba. Chini ya mabanda yaliyopangwa safu kwa safu, gogo hugeuzwa kuwa twiga, kifaru au kiboko, likapigwa msasa, likang'arishwa na kupelekwa dukani kumsubiri mtalii.

Vinyago hivyo husifiwa kwa kuwatangaza wanyamapori wa Kenya duniani. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haijakamilika. Swali zito zaidi si mnyama gani amechongwa, bali ni mti gani uliokatwa ili achongwe, na ni viumbe gani waliokuwa wakiutegemea mti huo.

Uchongaji wa biashara miongoni mwa Wakamba si wa kale sana. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mkazi wa Wamunyu katika Ukambani, alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha akarudi nao nyumbani. Kutoka huko kazi hiyo ilienea hadi Nairobi na pwani, ilikokutana na watalii na meli za kuisafirisha ng'ambo.

Kadiri soko lilivyokua ndivyo misitu ilivyopungukiwa. Mpingo, mti mgumu na mweusi unaochukua miongo mingi kukomaa, uliadimika mapema. Wachongaji wakageukia muhugu, ambao mbao zake ni nzito, zina harufu nzuri na hazishambuliwi upesi na wadudu. Tatizo ni kwamba muhugu nao hukua polepole mno. Mwishoni mwa karne ya 20, ilikadiriwa kuwa Kenya ilikuwa na wachongaji wapatao 60,000, na kwamba zaidi ya miti 50,000 ilikuwa ikikatwa kila mwaka kwa ajili ya vinyago.

Sehemu ya muhugu huo ilitoka katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 400 za mraba. Humo huishi bundi mdogo wa Sokoke, anayepatikana katika misitu michache tu ya Kenya na Tanzania, pamoja na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama wa pwani ya Kenya. Bundi huyo hutegemea mashimo ya miti mikubwa kwa makazi. Muhugu mnene ukiangushwa, hupotea mti pamoja na nyumba. Hivyo ikawa kwamba kinyago cha mnyama mmoja kinaweza kumfukuza mnyama mwingine ambaye mtalii hatamjua kamwe.

Jibu lilipatikana katika nyua za wakazi wenyewe. Mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi unaojulikana pwani kama dawa ya maradhi mengi, hukua haraka na huchipua tena ukikatwa. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa mimea wakishirikiana na shirika la WWF waliwahimiza wachongaji kutumia mwarobaini na miti mingine ya mashambani, ukiwamo mwembe. Katikati ya miaka ya 2000, vinyago vya mwarobaini kutoka pwani vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kuwa mbao zimetoka mahali panapotunzwa ipasavyo.

Faida yake haiishii msituni. Mkulima wa Malindi au Kilifi anayeuza mwarobaini wa shambani mwake hupata sababu ya kupanda mwingine. Mti uliokuwa kivuli tu huwa akiba.

Hata hivyo, mabadiliko hayo yana ugumu wake. Mbao za mwarobaini hupasuka zikikaushwa kwa pupa, kwa hiyo fundi hulazimika kusubiri, ilhali anahitaji fedha leo. Aidha, wanunuzi waliozoea vinyago vya rangi nzito huuona mwarobaini kuwa hafifu. Wataalamu nao wanaonya kwamba mti huu wa kigeni, ambao mbegu zake husambazwa na ndege na popo, haufai kuachwa uingie katika misitu ya asili na kuisonga miti ya humo.

Zaidi ya yote ni soko lenyewe. Ghasia za Likoni za mwaka 1997, shambulio la Kikambala la mwaka 2002, machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 na janga la korona la 2020 kila moja lilipunguza watalii. Fundi asiye na mteja hawezi kuchagua sana gogo. Hununua lililo rahisi kupatikana.

Kipimo hicho cha malighafi hakiwahusu wachongaji wa mbao peke yao. Changamwe imepakana na hori mbili, Port Reitz na Tudor, ambazo mikoko yake hunasa taka za plastiki zinazoletwa na maji. Takataka za namna hiyo ndizo zilizotumiwa Lamu kuunda Flipflopi, mashua ya mita 9 iliyopambwa kwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Ilishushwa majini mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 ikasafiri takriban kilomita 500 hadi Zanzibar, ikitia nanga Mombasa njiani. Pale, sanaa haikuchukua kitu kutoka katika mazingira ila uchafu.

Mafunzo ya Lamu na Changamwe ni mamoja. Sanaa ya jamii huwatetea wanyama kwa kile inachotumia, kuliko kwa sura inayoonyesha. Mnunuzi anaweza kusaidia kwa swali moja dukani: hiki ni cha mti gani? Akijibiwa kuwa ni mwarobaini wa shambani, akaulipa kwa bei anayolipia muhugu, atakuwa amemlipa fundi, mkulima na bundi wa Sokoke kwa pamoja.