Rangi Pekee Haitoshi, Mwalimu!

Je, mwanao huchanganya nyekundu na kijani? Usiharakishe kumkemea. Huenda ana upofu wa rangi, hali ambayo mara nyingi hurithiwa kupitia kwa mama na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana.

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na intaneti. Hebu mfikirie mtoto wa Siyu au Faza akijibu maswali kwenye simu. Jibu sahihi linageuka kijani, kosa linageuka jekundu, basi. Kwake yeye yote ni mamoja; atajuaje alipokosea?

Mabaharia hawategemei rangi pekee. Kwa kawaida boya jekundu la njia ya bandarini hubeba umbo la pipa, la kijani umbo lililochongoka juu.

Anayetayarisha masomo naye aandike "sahihi" au "kosa" kando ya rangi. Tena maandishi yakolee, yasomeke hata juani.

Nawe mzazi, kabla hujamwita mwanao mzembe, keti naye umwulize anaona nini.