Unauza Mashine za Kufyekea Nyasi? Mwambie Mteja Haya Kabla Hujamtumia Mzigo

Mteja kaja inboksi, kauliza bei, kalipa, mzigo umeupakia kwenye basi. Siku ya tatu simu inaita: "Dada, mashine yako mbovu, imezima na haiwaki tena."

Yalishanikuta. Nilimuuliza yule mteja aliweka mafuta gani, akanijibu kwa kujiamini kabisa: petroli, tena ya kituoni. Petroli tupu! Injini ilikuwa imenoki. Sikuwa na la kubishana, maana mimi ndo sikumwambia. Nikamrudishia nusu ya hela, na faida ya wiki nzima ikaishia hapo.

Iko hivi. Mashine nyingi za petroli za kufyekea nyasi, na hata zile za kunyooshea kingo za bustani, injini yake haina sehemu ya kuweka oili peke yake. Oili inachanganywa humo humo kwenye petroli, ile oili maalumu ya tu-stroki. Ukiweka petroli tupu, pistoni inasuguana kavu mpaka inakwama. Kitabu kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20. Ila zipo pia mashine zenye sehemu yake ya oili kama jenereta, hizo huchanganyi kitu. Kwa hiyo usikisie. Soma kitabu cha mashine unayouza wewe, halafu andika kipimo kwa maka peni kwenye tangi lenyewe. Kitabu mteja atakitupa, tangi hatalitupa.

Hiyo ni hasara ya hela. Kuna ya jicho.

Pembeni ya njia na ukuta ndiko kokoto na vipande vya chupa vinakojificha, na ndiko mteja anataka pakatwe pakae vizuri. Kisu au uzi wa nailoni ukigonga kijiwe, kinaruka kwa kasi ambayo huwezi kukikwepa. Mwambie aokote mawe kwanza, avae miwani ya kinga (ya jua haihesabiki), suruali ndefu na buti. Watu wengine, hasa watoto, wakae mbali mita 15. Mimi siku hizi miwani naiuza pamoja na mashine kwa bei moja. Haigharimu sana, na mteja anaona umemjali.

Ile kinga ya plastiki juu ya kisu, wengi wanaing'oa eti inajaza nyasi. Isiguswe, ndiyo inayozuia mawe yasirudi miguuni. Na kuna mafundi wanaoshauri uzi ukiisha ufunge waya wa chuma. Jamani! Waya ukikatika unaruka kama risasi. Uza uzi wa akiba, hapo nawe unapata kitu kidogo.

Nyasi zikijizungusha kwenye kisu, azime injini kwanza, asubiri kisu kisimame kabisa (ukiachia resi bado kinazunguka), achomoe kofia ya plagi, ndipo aingize mkono. Na mafuta yakiisha katikati ya kazi, aache injini ipoe ndo ajaze, halafu asogee hatua kadhaa kutoka pale alipojazia kabla ya kuwasha. Sigara mbali.

Sasa na wewe muuzaji. Najua wengi stoo yetu ni chumbani. Ukitaka kurekodi video ya kumwonyesha mteja kwamba mashine inawaka, toka nje. Moshi wa petroli una hewa ya sumu ambayo haina harufu, na kufungua dirisha hakutoshi. Ukimaliza kujaribu, mwaga petroli yote iliyobaki irudi kwenye dumu, washa tena mpaka injini izime yenyewe, ipoe, ndo ufunge boksi. Mashine yenye mafuta tangini haipandi basi lenye abiria, hata kama wa mizigo kakwambia haina shida.